Tamthilia Ikianza Kuchosha, Iachie Wapi?

Usiihukumu tamthilia kwa episodi ya kwanza. Mara nyingi hiyo hutengenezwa ili kukishawishi kituo cha televisheni kinunue wazo, kwa hiyo hujaa mbwembwe ambazo huzioni tena. Tazama nne. Kufikia ya nne mwendo wa kawaida wa hadithi umeshajulikana, na kama bado hujali nani atapona na nani ataumia, acha. Anayekwambia "vumilia, utamu uko msimu wa tatu" anakudai saa ishirini na zaidi za uvumilivu, na hakulipi chochote.

Shughuli ipo kwa ile uliyoanza kwa kuipenda. Wengi huiacha kwa hasira katikati ya msimu, kisha hurudi kwa sababu kuna jambo lilibaki linaning'inia. Tafuta pale ambapo hadithi yenyewe ilifungwa. Money Heist ilirushwa Hispania na kituo cha Antena 3 mwaka 2017, ikiwa kisa kimoja cha wizi kwenye kiwanda cha kuchapa noti, na kisa kile kiliisha. Netflix ndiyo iliyokuja kuirefusha tamthilia kwa kisa cha pili cha wizi. Kwa hiyo ukiishia sehemu ya pili, pale kisa cha kwanza kinapofungwa, umeona hadithi nzima. Ukichoka katikati ya sehemu ya nne, afadhali umalizie kisa cha pili kuliko kubaki njia panda.

Episodi moja mbovu si dalili. Dalili ni hadithi kuanza kujirudia: Prison Break inawatoa watu gerezani msimu wa kwanza, na msimu wa tatu Michael Scofield, mhandisi aliyepanga kutoroka kule, yumo gerezani tena, safari hii Panama. Dalili nyingine ni mwandishi mkuu kuondoka, maana ndiye anayejua hadithi inaelekea wapi. Clyde Phillips aliiacha Dexter baada ya msimu wa nne, na watazamaji wengi hushauri uishie hapo hapo. Mwigizaji kubadilishwa si lazima iwe balaa. Katika Sultan ya Waturuki, mhusika Hürrem alibadilishwa sura mwigizaji Meryem Uzerli alipoondoka na Vahide Perçin akaingia. Ukizipa episodi chache jicho huzoea, kwa kuwa fitina za kasri zinaendelea vilevile.

Kabla ya kuamua, piga hesabu. Episodi 30 zilizobaki, kila moja dakika 50, ni saa 25. Kwenye Netflix picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, yaani GB 75 za bando. Ukiona namba hiyo na moyo ukasita, jibu unalo.

Bado una shaka? Zima kwenye mipangilio ile hali ya episodi inayofuata kuanza yenyewe, maana ndiyo inayowabakiza watu wasiotaka kubaki. Kisha usiifungue kwa wiki mbili. Kama hukuikumbuka, iondoe kwenye orodha ya unazoendelea kutazama, halafu soma muhtasari wa mwisho wake. Fuata mpangilio huo: ukianza na muhtasari, hutajua kama ulichoka au uliharibiwa utamu.

Kama mnatazama wawili, anayeacha aseme mapema, mwenzake asije akasubiri Jumamosi bure.