Waraka kwa Maofisa Wapya wa Familia katika Shule za Marekani

Wiki iliyopita nilimkuta mwenzetu mpya, kijana mwenye moyo mwema na Kiswahili safi, akiendesha kikao cha nidhamu na mama mmoja ambaye lugha yake ni Kibembe, lugha ya mashariki ya Kongo, na ambaye Kiswahili hukifuata kwa taabu. Aliyekuwa akitafsiri ni binti wa mama huyo, mwenye umri wa miaka 11. Mama alitoka kikaoni akishukuru sana, kwa kuwa binti alimweleza kwamba kaka yake amesifiwa, ilhali kaka huyo alikuwa amesimamishwa masomo kwa siku tatu. Nilimpenda yule binti kwa jinsi alivyotaka kumlinda nduguye, lakini kwa mwenzetu nilikosa subira. Nimeifanya kazi hii ya kuziunganisha familia na shule kwa miaka 12 katika wilaya ya shule yenye watoto wa lugha nyingi, na makosa ninayoyaona kwenu ni yale yale niliyoyatenda mimi. Ndiyo sababu nawaandikia, wadogo zangu.

1. Mtoto hatafsiri, hata kwa dakika tano, hata kama mzazi mwenyewe ameomba. Pigeni simu ya ukalimani. Tangu hukumu ya mwaka 1974 ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, iliyotokana na wanafunzi wa asili ya Kichina huko San Francisco, shule haiwezi kusema imemtendea mtoto haki ilhali inamsemesha kwa lugha asiyoielewa, na mimi naishika mantiki hiyo hiyo kwa mzazi. Msidhani pia kwamba kila atokaye Kongo ni Mswahili wa kutosha kwa jambo zito. Mwulizeni kwanza lugha anayoitumia anapougua.

2. Ujumbe wa usalama usitoke kabla haujasomwa na mtu mwingine. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipowaumiza watu.

Mnajua kwamba tangu mauaji ya mwaka 1999 katika shule ya Columbine mazoezi ya lokidauni, yaani kukomea milango na kujificha kimya kana kwamba mshambuliaji amefika, yamekuwa sehemu ya kalenda ya shule nyingi za nchi hii. Asubuhi moja nililetewa maandishi ya Kiingereza nikaambiwa nirekodi ujumbe wa simu kwa familia za Kiswahili, na nilikuwa na dakika 20. Nilipofika kwenye neno "zoezi" nilisita, nikikumbuka kwamba kwa wazazi wengi zoezi ni kazi ya daftari anayopewa mtoto, nikaamua kutafuta neno lililo bora zaidi. Nikafikiria "majaribio", nikaona nalo lina utata, na katika haraka hiyo nikarekodi ujumbe usiokuwa na neno lolote kati ya hayo mawili. Nilisema kwamba leo asubuhi shule itafungwa kwa ajili ya usalama, milango yote itakomewa, na watoto watajificha madarasani bila kutoa sauti. Nilisema kwa utulivu na kwa matamshi mazuri, kisha nikabonyeza kitufe cha kutuma.

Waliofika ni wazazi 11. Wengine walitoka kazini bila ruhusa, na mama mmoja alikuja kwa miguu akiwa na mtoto mgongoni. Zoezi lilikuwa limekwisha kuanza, na katika lokidauni mlango haufunguliwi kwa mtu yeyote, nami nilikuwa ndani ya ofisi iliyozimwa taa, nimeketi sakafuni pamoja na makarani, nikisikia mlango wa mbele ukigongwa na sauti ya baba mmoja ikisema kwa Kiswahili, "Nipeni mtoto wangu, nipeni tu mtoto wangu." Nilitaka kusimama, mkuu wa shule akanishika mkono. Kupitia upenyo wa pazia nilimwona askari wa shule akimkaribia yule baba huku akimpigia kelele kwa lugha asiyoielewa, mkono wake ukiwa karibu na mkanda. Hakuna aliyejeruhiwa. Mkuu wa shule alilisimamisha zoezi kwa redio, nasi tukatoka. Lakini najua jinsi ambavyo asubuhi ile ingeweza kwisha, na kwamba ingekwisha hivyo kwa sababu ya neno nililoliacha mimi.

Baba yule alikuwa bado amevaa viatu vya kazi ya usiku. Nilimwomba radhi mbele ya wote, nikamweleza kosa langu lote. Hakunigombeza. Aliniambia kwamba huko alikotoka aliwahi kuikimbilia shule akachelewa, kisha akasema, "Kama ingekuwa sauti ya mtu mwingine ningepiga simu kwanza kuuliza. Lakini ilikuwa sauti yako." Mtoto wake alikaa nyumbani wiki mbili. Nilikwenda kwao mara nne, na mara tatu za mwanzo hatukuzungumzia shule kabisa.

Tangu siku hiyo sentensi yangu ya kwanza katika kila ujumbe wa namna hii ni "Hakuna hatari yoyote," ndipo yanafuata maelezo, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, na ombi kwamba mzazi asije shuleni. Ujumbe husomwa na watu wawili, mmoja aliyekulia Kivu na mwingine aliyekulia katika kambi za Tanzania, kwa maana mmoja akisema "masomo" anaweza kuwa na maana ya jengo la shule, na mwingine ana maana ya vipindi, kwa hiyo hata "masomo yamefungwa" huwafikia kama habari mbili tofauti. Zaidi ya hayo, zile amri tano za usalama, yaani kubaki darasani, kufunga milango ya nje, lokidauni, kuondoka jengoni na kujikinga, huwafundisha wazazi mwezi Agosti nikiwatembelea nyumbani, wakati moyo umetulia na kuna nafasi ya kuuliza.

3. Mlangoni msiwe mahakimu. Mwongozo wa mwaka 2011 uliowazuia kwa kiasi kikubwa maofisa wa uhamiaji kufanya operesheni shuleni, ambao uliandikwa upya mwaka 2021, ulifutwa Januari 2025, na wazazi wanaojua hilo ni wengi kuliko mnavyodhani. Lakini hukumu ya Mahakama Kuu katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe ya mwaka 1982 imesimama: mtoto ana haki ya kusoma shule ya umma bila kujali hali yake ya uhamiaji, na ninyi hamna sababu ya kumwuliza hali hiyo wala kuiandika popote. Akija ofisa na karatasi, mpokeeni kwa adabu, msimzuie kwa mwili, msimfungulie maeneo yasiyo ya umma, na mwiteni mkuu wa shule, ambaye atampigia wakili wa wilaya ya shule. Waranti iliyotiwa saini na jaji si sawa na waranti iliyotiwa saini na ofisa wa idara ya uhamiaji, na kuzitofautisha si kazi yenu. Nawasihi pia msiwaahidi wazazi kwamba "hapa hawawezi kuingia". Waambieni shule itafanya nini, kwa mpangilio, kwa sababu mzazi aliyedanganywa kwa upole hatarudi kuwauliza tena.

4. Wiki ileile ya mwisho ya Januari 2025, mpango wa Marekani wa kupokea wakimbizi uliposimamishwa, Goma, mji wa mashariki ya Kongo, nao uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Mwalimu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliwaweka meza moja watoto wawili "wa Kongo" ili wafarijiane. Mmoja alikuwa Mnyamulenge, yaani Mtutsi wa Kongo, jamii ambayo wengi huihusisha na M23, na mwingine alikuwa amefiwa na mjomba siku chache kabla, na maneno waliyokuwa wameyasikia nyumbani yaliwatoka pale mezani. Tuliwatenganisha kwa muda, mshauri nasaha akakaa na kila mmoja peke yake, nami nikaenda kwa familia zote mbili, kwa mkubwa wa umri kwanza. Mama wa mmoja wao ndiye aliyependekeza watoto wakutane tena katika timu ya mpira badala ya kuitwa ofisini kupatanishwa, na alikuwa sahihi kutushinda sote. Someni habari za makwao kila asubuhi kabla ya kengele.

5. Wasaidieni wazazi kujaza fomu ya kuzuia taarifa za saraka, kwa kuwa sheria ya faragha ya elimu (FERPA) ya mwaka 1974 huiruhusu shule kutoa jina na anwani ya mwanafunzi kama mzazi hakukataa. Familia inayoishi kwa ndugu kwa kukosa nyumba ina haki ya kuandikisha mtoto papo hapo bila vyeti, chini ya sheria ya McKinney-Vento ya mwaka 1987. Na kadi ya dharura iwe na majina matatu ya watu wanaoweza kumchukua mtoto, watu ambao mtoto anawajua kwa sura. Zipigieni namba hizo mwezi Oktoba, kisha tena Januari, kwa sababu namba za simu hubadilika, na siku mtakayoihitaji mtakuwa mnapiga huku mtoto ameketi kando yenu akiwatazama usoni.