Jinsi wanafunzi wetu walivyowashukuru waliowashika mkono kwenye mradi wa sayansi

Mleta uzi, umeuliza kama wanafunzi wako waliomaliza mradi wa sayansi wawape waliowasaidia vyeti au wawafanyie hafla, na shule haina fungu. Nafundisha kemia sekondari hapa Mtwara. Mimi nasema vyeti achaneni navyo. Andikeni nani alifanya nini, halafu mpelekeeni kila mmoja matokeo.

Mradi wetu ulikuwa wa mafuta ya maganda ya korosho: je, yanazuia mchwa kwenye miti ya kujengea? Wenyeji wa huku hawashangai kusikia hilo, wanafunzi walitaka tu kulipima. Rasimu yao ya shukrani ikaja na "tunamshukuru Mungu, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wote waliotusaidia kwa namna moja au nyingine." Nikaizungushia kalamu nyekundu: namna ipi?

Hapo ndipo mambo yakaanza kutoka. Mtafiti mmoja wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele ndiye aliyewaambia kwamba mafuta ya ganda bichi na ya ganda lililokaangwa si kitu kimoja. Moto unaifukuza kaboni dioksidi kwenye asidi anakadiki, kemikali iliyo nyingi kwenye mafuta ya ganda bichi, inabaki kadanoli, ambayo ni kemikali nyingine. Bila neno hilo wangemimina yote kopo moja, na majibu yasingesomeka. Fundi sanifu wa maabara aliwabana hadi wakachimbia na vijiti visivyopakwa chochote, vya kulinganishia. Mwalimu wa hesabu, grafu.

Halafu kuna mama mmoja mbanguaji, aliyetupa maganda. Kwenye rasimu hakuwamo kabisa! Wakati ndiye aliyewaonya, kabla hawajagusa kitu, kwamba mafuta yale yanababua ngozi, akawaonyesha anavyojipaka majivu mikononi. Glavu tulitafuta baada ya kuiona mikono yake. Wasomi huwa tunawashukuru wenye vyeo kwanza, kisha tunaishiwa karatasi.

Faida nyingine ni hii: kama mnalenga maonesho ya Young Scientists Tanzania, majaji watawahoji wanafunzi wenyewe. Mtoto aliyeandika "wazo la kutenganisha mafuta tulipewa, vipimo tulichukua sisi" hababaiki akiulizwa kipi ni chake.

Kupeleka matokeo nako kuna adabu yake. Kwa mtafiti walikwenda na ukurasa mmoja wenye grafu. Ile sehemu ya shukrani aliipita haraka, akakaa nao kwenye namba akiwauliza maswali, na nadhani hakuna shukrani aliyoifurahia kuliko hiyo. Kwa mama, karatasi ingekuwa kumtania. Binti mmoja wa kundi alimweleza yote kwa Kimakonde, wamekaa mkekani. Mama akacheka: "Mchwa mimi nilishajua zamani, wajukuu zangu. Niambieni, mvua ikinyesha hayaoshwi?" Hawakuwa na jibu. Ndilo swali la mradi wa kidato cha tatu wa sasa, na jina la mama limo ukurasa wa kwanza, kwa ruhusa yake.

Zawadi mkitaka, sisi tulimpelekea mama kanga. Watumishi wa umma wapeni nakala ya ripoti na barua kwa bosi wao ikitaja msaada wenyewe. Bahasha msithubutu, mtamtafutia mtu matatizo kazini.