Kisu chembamba cha mfukoni: majibu kwa wanaosubiri pamoja nami

Wiki chache zilizopita nilidokeza katika safu hii kwamba nimeagiza kisu kidogo cha kukunja, chembamba kuliko vyote nilivyowahi kumiliki, na kwamba nakisubiri kwa hamu. Tangu hapo wasomaji wengi wa Nairobi wameniandikia, baadhi yao wakisubiri kisu cha aina hiyohiyo na wengine wakijiuliza kama kinafaa kusubiriwa. Nayajibu maswali yaliyojirudia zaidi.

Ninacho kisu kizuri cha kukunja, lakini kila asubuhi nakiacha nyumbani. Je, inafaa kusubiri hiki chembamba, au uvivu ni wangu? (Msomaji, Buruburu)

Si uvivu, ndugu yangu; ni unene. Dukani macho hukimbilia urefu wa bapa, ilhali mfuko wa suruali hausumbuliwi sana na urefu bali na unene na uzito. Kisu changu cha zamani kina mpini wa mbao wenye unene wa milimita 22, na ukiketi nacho kwenye kiti cha nyuma cha matatu mkiwa mmebanana, kinakukandamiza paja tangu Donholm hadi mjini. Baada ya mwezi mmoja kilikuwa kimechora umbo lake kwenye kitambaa cha suruali na kutoboa kona ya mfuko, nami nikakihamishia kwenye droo. Kisha siku moja nikaletewa gunia la viazi kutoka Kinangop, mdomo wake umeshonwa kwa kamba ya nailoni, nikajikuta kando ya barabara nikihangaika kuikata kamba hiyo kwa meno ya ufunguo, na kisu chenyewe kimelala nyumbani.

Kwa hiyo safari hii, kabla ya kulipa, nilifanya jaribio ambalo nakushauri nawe ulifanye. Nilichukua vipimo vilivyotangazwa, yaani urefu wa milimita 88 kisu kikiwa kimekunjwa na unene wa milimita 9, nikakata vipande vya katoni, nikavigandisha kwa gundi kimoja juu ya kingine hadi vikafikia vipimo hivyo, kisha nikatembea na kifurushi hicho mfukoni wiki nzima pamoja na simu na funguo. Siku ya tatu nilisahau kwamba nimekibeba. Hilo ndilo lililonifanya niagize, wala si picha.

Hata hivyo wembamba una gharama yake. Springi ya kisu chembamba nayo ni nyembamba, vidole havipati pa kushika vizuri unapokata kitu kigumu kwa muda mrefu, na nafasi ya bapa ndani ya mpini ni finyu kiasi kwamba kosa dogo la kiwandani hufanya makali yakwaruze ukuta wa mpini kila kisu kinapofungwa. Mwombe muuzaji picha ya kisu kikiwa kimekunjwa, iliyopigwa upande wa ufa ambamo bapa huingia, uhakikishe kwamba bapa limekaa katikati. Wembamba wenyewe si jambo jipya: Douk-Douk, kinachotengenezwa Thiers nchini Ufaransa tangu 1929, kina mpini wa bamba moja tu la chuma lililokunjwa, na Cadet cha Victorinox chenye mpini wa alumini hakifiki gramu 50. Ukishindwa kusubiri, hivyo viwili vipo tayari, na sidhani utajuta.

Bapa la sentimita 6 linatosha kazi za kila siku? (Muuza vipuri, Kirinyaga Road)

Linatosha, na kwa kazi yako ya kufungua katoni na kukata kamba huenda hata likazidi. Linaposhindwa ni kwenye mkate mzima na tikiti maji, ambavyo vina kisu chake jikoni. Ukitaka kuihisi tofauti mkononi, shika Opinel Namba 6, kisu cha kukunja cha Kifaransa ambacho bapa lake ni sentimita 7, kisha ushike Namba 8 chenye bapa la sentimita 8.5: hiyo sentimita moja na nusu ndiyo inayokitoa kisu mfukoni na kukihamishia kwenye begi.

Kisu ninachokitamani hakina komeo la kuzuia bapa lisijikunje. Je, ni hatari? (Fundi umeme, Kayole)

Inategemea unavyokata. Ukikata kwa kuvuta, makali yakielekea chini, nguvu ya kazi yenyewe hulisukuma bapa liendelee kufunguka, na springi ya mgongoni inatosha kabisa. Hatari huja unapotoboa kwa ncha au kukikwamua kisu kilichonasa, kwa sababu hapo bapa husukumwa kurudi lilikotoka, nalo hukuta vidole njiani. Kwa kuwa fundi umeme hutoboa na kuchokoa mara nyingi, wewe nakushauri uchague chenye komeo. Pete ya Opinel inayozungushwa shingoni mwa mpini, iliyobuniwa mwaka 1955, ni rahisi kuielewa na ni vigumu kuiharibu. Komeo la bamba la ndani, lile linalojisogeza lenyewe nyuma ya bapa, ni zuri pia, ila katika kisu chembamba sana bamba hilo huwa jembamba mno, na ukilibonyeza ukaona linayumba, usikinunue.

Kwa matumizi yangu ya ofisini na sokoni nimechagua kisu kisicho na komeo lakini chenye kituo cha katikati, yaani bapa husimama kwanza likiwa nyuzi 90 kabla ya kufungika kabisa. Kituo hicho hukupa nafasi ya kuviondoa vidole.

Natumia mkono wa kushoto, na visu vya kukunja hunitesa kuvifungua. (Mwalimu, Kasarani)

Pole, Mwalimu. Mfereji wa kucha, yaani ule unaotia ukucha ili kulivuta bapa, kwa kawaida huchongwa upande mmoja tu wa bapa, upande unaomfaa anayetumia mkono wa kulia. Tafuta chenye tundu lililotoboka bapa zima, au ambacho bapa lake huchomoza vya kutosha kushikwa kwa vidole viwili.

Niliikata ndimu na embe kwa kisu changu kipya, kikageuka kijivu chenye madoa ya buluu. Je, nimeuziwa kibovu? (Mama, Umoja)

La, mama. Umeuziwa kisu cha chuma cha kaboni, na asidi ya matunda imekipaka ngozi nyembamba ambayo kwa kweli husaidia kukikinga. Rangi ya kijivu na ya buluu iache. Kutu nyekundu ndiyo ya kuondolewa mara moja, kwa majivu laini na kitambaa chenye mafuta. Chuma kisichoshika kutu hupata sifa hiyo kutokana na kromiamu, ambayo inapaswa kuwa angalau asilimia 10.5 hivi, na kwa mtu anayekata matunda kila siku na kukirudisha kisu kwenye mkoba kikiwa na unyevu, ningechagua hicho. Cha kaboni hunoleka upesi zaidi kwenye kinoo, na ndiyo sababu bado nakipenda.

Je, polisi wakinikuta nacho mjini nitasema nini? (Mwenye wasiwasi, South B)

Swali hili ni zito kuliko yote, nami naomba ulisome jibu lake mara mbili. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhusu mtu anayekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba amekusudia kutenda kosa kubwa la jinai, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 7 hadi 15. Zingatia neno mazingira. Kisu kidogo kilichokunjwa ndani ya mkoba wa chakula, pamoja na embe na kitambaa, kinajieleza. Kisu hichohicho kikiwa kimefunguliwa mkononi saa sita za usiku katika kichochoro cha River Road kinaeleza mambo mengine, hata kama mwenyewe hana nia mbaya. Usikipeleke kwenye mkutano wa hadhara, maandamano, mahakama wala shule, na usikibebe kwa ajili ya kujilinda, kwa maana anayesema hivyo mbele ya askari amekwisha kukigeuza kuwa silaha kwa kinywa chake mwenyewe.

Milangoni mwa maduka makubwa mlinzi akiuliza, mwonyeshe mapema na kwa adabu, au ukiache kwake. Kwenye kituo cha treni cha Syokimau mizigo hupita kwenye mashine, kwa hiyo siku ya safari kiache nyumbani. Ukienda uwanja wa ndege wa JKIA, kiweke kwenye begi linalokwenda chini ya ndege na wala usijaribu kuingia nacho ndani kwa kuwa ni kidogo. Marekani ilitangaza Machi 2013 kwamba ingeruhusu visu vidogo ndani ya ndege, kisha ikaufuta mpango huo Juni mwaka huohuo.

Badala ya kusubiri cha ng'ambo, siwezi kutengenezewa na mafundi wa chuma wa Kamukunji? (Msomaji, Eastleigh)

Unaweza, na swali lako limenifurahisha. Mpe fundi mfano wa Higonokami cha Japani: bamba lililokunjwa kuwa mpini, bapa, ribiti moja, na mkia mfupi unaoubonyeza kwa kidole gumba ili bapa lisirudi. Hakina springi wala komeo, kwa hiyo hakuna sehemu ndogo za kumshinda mtu mwenye tupa, nyundo na uvumilivu.

Kazi ngumu iko kwenye bapa. Springi ya gari ni chuma kizuri lakini nene, na kuipunguza hadi milimita 2 huchukua muda, kwa hiyo usimharakishe fundi. Bapa likishachongwa lipashwe moto mpaka sumaku ikatae kulishika, ambapo joto huwa limefikia nyuzi 770 hivi, liongezwe moto kidogo, kisha lizamishwe kwenye mafuta. Likitoka humo tupa iteleze juu yake bila kuuma. Wengi huishia hapo, na bapa hukatika kama kioo likianguka sakafuni. Linapaswa kurudishwa kwenye oveni, nyuzi 200 kwa saa mbili, mpaka lipate rangi ya majani makavu. Ikiwa fundi hana oveni, chukua bapa uende ukaoke mwenyewe nyumbani, kisha umrudishie alipige ribiti.

Kikifika, nikifanye nini kwanza? (Wasomaji kadhaa)

Kifungue na kukifunga polepole mara 20, ukisikiliza kama kuna mkwaruzo. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ili kuondoa mafuta ya kiwandani, kikaushe mpaka ndani ya ufa, kisha udondoshe tone moja la mafuta ya cherehani kwenye ribiti. Usitumie mafuta ya kupikia, kwa sababu huganda na kunata. Baada ya hapo chukua nyanya iliyoiva, uiweke ubaoni, ulilaze bapa juu yake na ulivute bila kukandamiza. Ganda likibonyea kabla ya kukatika, peleka makali kwenye kinoo, nyuzi 15 hadi 20 kila upande, kabla hujakitia mfukoni.