Jibu: Natubu kila Jumapili lakini amani sina

Bwana asifiwe, ndugu. Umeeleza kwamba wewe ni mweka hazina wa chama huko Kawangware, kwamba kila mara unachota fedha za wanachama kisha unatubu Jumapili, na sasa unauliza kama Mungu amekuchoka.

Kwanza fungua daftari la chama uangalie kama fedha hizo zimerudi. Kama mzee wa kanisa hapa Nairobi nimewasikiliza wengi wenye shida kama yako, na mara nyingi machozi yalikuwa ya kweli ila salio lilikuwa bado na pengo. Kitabu cha Hesabu 5:7 kinamtaka mkosaji aungame, arudishe alichochukua kwa ukamilifu, tena aongeze sehemu ya tano. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, aliahidi kurudisha mara nne ya alichochukua.

Kuhusu kuchokwa, soma Nehemia 9 polepole: Waisraeli walifanya shingo zao kuwa ngumu, wakajiwekea kiongozi wa kuwarudisha utumwani, na bado Mungu hakuwanyima mana. Rehema hiyo haingoji ulipe kwanza, bali ndiyo inayokupa ujasiri wa kulipa.

Basi mwone mwenyekiti kabla ya mkutano ujao, ukiwa na fedha hizo au mpango wa kulipa ulioandikwa, na uombe mtu mwingine ashike laini ya kupokelea michango, maana kuomba ushindi huku laini hiyo imo mfukoni mwako ni kujidanganya. Kama wanachama watakusamehe au watakupeleka polisi, hilo siwezi kukuahidi.