Kijana anajiona si kitu? Anza na Arjuna

Pole sana dada, nimekuelewa, kijana wako wa miaka 15 tangu afeli mtihani anajitukana na hekaluni hataki kukanyaga, na wewe unataka umjenge kwa mafundisho ya dini yenu ya Kihindu bila kumhubiria. Inawezekana kabisa.

Usimuanzishe na mantra, yale maneno matakatifu ya kurudiarudia, anza na Arjuna, mpiganaji wa kwenye Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Mwanzoni mwa Gita, vita inakaribia kuanza, shujaa mzima anatetemeka, upinde unamponyoka mkononi, anakaa chini ndani ya gari la farasi machozi yanamlengalenga, na Krishna, Mungu anayemwendeshea hilo gari, hamkimbii, anaongea naye mpaka sura ya 18. Watoto wa kiume wanaambiwa mwanaume halii, sasa muache aone.

Halafu 2:47, yaani sura ya 2 mstari wa 47, haki yako ni kazi, matunda siyo yako. Hii ifanyeni kwa vitendo, jioni usimuulize kapata ngapi, muulize kafanya nini, hata akisema "nimekaa na hesabu nusu saa" mpongeze. Na 6:5, mtu ajiinue mwenyewe asijishushe, hiyo ndo dawa ya kujitukana.

Ila karma, ile imani kwamba matendo yako yanakurudia, chunga mno, usije ukamwambia anavuna ya maisha yaliyopita, utammaliza. Wala usimlazimishe, hata Krishna kwenye 18:63 anamwambia Arjuna tafakari kisha fanya unavyotaka.

Akiacha kula, hapati usingizi, au anasema bora afe, weka Gita pembeni, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo aonane na daktari au mwanasaikolojia.