Wasomaji Wauliza: Difu, Giaboksi na Mawe ya Njia za Vijijini

SWALI: Ndugu mshauri, salaam. Mimi ni dereva wa Toyota Hilux ya dizeli, kebini mbili, inayomilikiwa na chama cha msingi cha wakulima wa korosho hapa wilayani Newala. Kazi yangu hunishusha mara kwa mara kwenye vijiji vya chini ya uwanda wa Makonde, upande wa bonde la Ruvuma. Tangu mvua zilizopita zichimbe njia, gari linagonga mawe kila safari, na juzi nimeona sampu ya injini, yaani bakuli la oili lililo chini yake, imebonyea. Fundi anashauri tuchomelee bamba la chuma la milimita 10 kuanzia chini ya bampa ya mbele mpaka nyuma ya giaboksi, ili tatizo liishe moja kwa moja. Je, nimkubalie? – Dereva, Newala.

JIBU: Ndugu dereva, kinga unaihitaji, lakini si hiyo na si kwa namna hiyo. Kabla ya bamba lolote, naomba ushughulikie sampu. Ndani yake, karibu kabisa na sakafu, kuna chujio ambalo pampu hunyonyea oili. Jiwe likiibonyeza sampu mpaka chuma kikaribie mdomo wa chujio hilo, oili haitapita ya kutosha, hata kama kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa, na beringi za injini zitaanza kuliwa kimyakimya. Mwambie fundi aishushe, apime kina cha bonyeo, ainyooshe au aibadilishe. Taa ya presha ya oili ikichelewa kuzimika unapowasha gari, au ikiwaka ukiwa kwenye mteremko, simamisha gari na uzime injini palepale.

Sasa kuhusu bamba. Chuma cha milimita 10 kina uzito wa kilo 78 na nusu kwa kila mita moja ya mraba, na mzigo huo wote utaning'inia mbele, ulegeze springi na kulishusha gari karibu zaidi na mawe unayoyakimbia. Bamba la milimita 4, ambalo lina kilo 31 hivi kwa mita ya mraba, linatosha kwa njia zenu endapo limekunjwa vizuri, kwa sababu ugumu wa kinga hutokana na mikunjo yake kuliko unene. Alumini ya milimita 6 ni nyepesi zaidi, yapata kilo 16, ila ni laini, na jiwe lenye ncha huichimba na kuing'ang'ania badala ya kuteleza juu yake. Kwa gari la kazi ningechagua chuma, ambacho pia fundi yeyote wa Newala au Masasi anaweza kukinyoosha.

Jambo la kuchomelea ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Bamba lililochomelewa litabidi likatwe kwa grainda kila unapotaka kumwaga oili au kukagua uvujaji, na mwisho wake madereva huacha kukagua. Lifungwe kwa bolti kwenye chesesi, yaani fremu ya gari, peke yake. Lisishikizwe hata kidogo kwenye giaboksi wala kwenye sampu, kwa maana kazi ya kinga ni kupeleka pigo kwenye chesesi. Bamba lililofungwa kwenye giaboksi hulipokea pigo na kulikabidhi kwa kile kile ulichotaka kukilinda. Liache nafasi ya angalau vidole viwili kati yake na sampu, kwa kuwa hata chuma kizuri hupinda kidogo kinapobeba uzito wa gari. Vichwa vya bolti vizamishwe ndani ya bamba, la sivyo mawe yatavikwangua mpaka bisibisi na spana zishindwe kuvishika. Ukitumia mabamba mawili au matatu, yapangwe kama mabati ya paa: ukingo wa nyuma wa bamba la mbele upite chini ya ukingo wa mbele wa bamba linalofuata, ili jiwe linaloteleza kwenda nyuma lisipate mdomo wa kuingilia.

Toboeni tundu chini ya kila nati ya kumwagia oili, na matundu mengine ya kupitisha hewa na matope. Hapa siombi tu, nasisitiza: baada ya kila safari ya kiangazi, inama utoe majani makavu yaliyonasa juu ya bamba. Yakikaa karibu na bomba la ekzosi yanaweza kushika moto, na gari likaungua pamoja na mzigo wa wakulima.

Yapo mambo ambayo bamba haliwezi kukusaidia. Kama Hilux yako ni ya toleo lililoanza katikati ya miaka ya 2000 au la baadaye, magurudumu yake ya mbele yanajitegemea na difu ya mbele, yaani kasha la gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili, imefungwa kwenye chesesi. Maana yake ni kwamba ukikanyaga breki kwa nguvu huku unateremka, pua ya gari huinama na difu hiyo hushuka pamoja nayo, mara nyingi juu ya jiwe lile lile lililokutisha. Ingiza gia nzito za transfa, lile kasha la gia la pili lililo nyuma ya giaboksi, kabla ya mteremko kuanza, acha injini ilishike gari, na breki uiguse kwa upole. Jiwe kubwa usilipitishe katikati ya magurudumu. Lipandishie tairi, kwa sababu tairi likipanda, ekseli na tumbo la gari navyo huinuka. Pale usipoona, utingo ashuke na kukuelekeza, nawe umsikilize.

SWALI: Ndugu mshauri, nina Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ninayoitumia katika shughuli za mbao, Liwale. Nimeweka springi ndefu na gari limeinuka vizuri, lakini difu bado inagonga mawe na visiki kama zamani. Nimekosea wapi? – Msomaji, Liwale.

JIBU: Springi huinua chesesi, nayo difu ya gari lako haipo kwenye chesesi. Imo ndani ya ekseli nzima inayounganisha magurudumu mawili, hivyo urefu wake kutoka ardhini huamuliwa na tairi peke yake. Ukiongeza kipenyo cha tairi kwa milimita 50, difu itapanda milimita 25 tu, na utapaswa kuhakikisha tairi haligusi madigadi usukani ukikatwa mpaka mwisho. Faida ya springi zako imekwenda kwenye transfa, ekzosi na tangi la mafuta, hasa gari likiwa na mzigo.

Fungia difu kinga ya chuma kilichokunjwa, ikishikwa na yubolti (bolti zenye umbo la herufi U) kwenye mabomba ya ekseli. Usiruhusu mtu achomelee kwenye kichwa cha difu, kwani ni chuma cha kusubu na huweza kupasuka kinapopoa; na joto jingi kwenye ekseli huweza kuipinda, oili sili zikaanza kuvuja bila sababu inayoonekana. Kisha lala chini ya gari utazame difu ya mbele imekaa upande gani, maana haiko katikati. Ukishajua, utaweza kupitisha kisiki upande ulio wazi. Visiki vya Liwale uviogope kuliko mawe, kwa kuwa jiwe huweza kubiringika na kisiki kina mizizi.

Ikaguliwe pia propela shafti, ile inayopeleka nguvu kwenye difu. Bomba lake ni jembamba, na bonyeo dogo tu huharibu mizani yake, ukasikia mtetemo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka na hatimaye krosi, yaani viungio vya shafti hiyo, zikafa. Haigongwi kwa nyundo. Hupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kupima mizani, au hubadilishwa.

SWALI: Nikitoboa sampu au tangi la dizeli katikati ya Nachingwea na Liwale, nifanye nini? – Msomaji, Nachingwea.

JIBU: Tangi lenye ufa mdogo huzibwa kwa sabuni ya mche iliyolainishwa kwa vidole na kukandamizwa kwenye ufa, dizeli haiyeyushi sabuni kwa haraka, na utafika gereji. Sampu ni jambo jingine. Zima injini mara moja, kinga oili inayobaki kwa chombo safi, futa mahali palipotoboka mpaka pakauke kabisa, kwaruza kwa msasa, kisha paka gundi ya chuma ya kuchanganya sehemu mbili na uisubiri ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. Rudisha oili, ongeza ya akiba, na usiwashe injini kabla kijiti hakijaonyesha kiwango salama. Kwa njia hiyo, lita 5 za oili na paketi moja ya gundi zisikosekane nyuma ya kiti.