Bao la mbao au la simu kwa mtoto anayejifunza?

Nunua la mbao kwanza, kwa sababu programu ya simu humsambazia mtoto kete yenyewe, ilhali ugumu wa bao la Kiswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, uko katika kukadiria kwa jicho kete ya mwisho itaangukia shimo gani. Wanangu wawili nimewafundisha hapa Dodoma kwa kete za mbegu za komwe, na kidole cha mdogo bado hutangulia kuhesabu mashimo kabla hajacheza. La simu linafaa anapokosa mpinzani, ila hakikisha kila mchezaji anaanza na kete 22 mkononi na 10 ubaoni, 6 kati ya hizo zikiwa katika shimo liitwalo nyumba, kwani zipo programu zinazoitwa bao ambazo zina safu mbili tu badala ya nne.